Rekodi za Udukuzi Halali na Bei ya Cheti Chake

Kijana anayemaliza shahada ya kompyuta Nairobi, Dodoma au Kigali, kisha akatamani kuingia kwenye udukuzi halali, hukutana mapema na hesabu nzito: ada ya mtihani mmoja unaoheshimika inaweza kumeza mishahara yake ya miezi kadhaa. Hapo huuliza swali la haki kabisa. Nikikopa SACCO nikalipia mtihani huu, pesa zitarudi?

Nimelitafutia jibu kwenye rekodi za fani yenyewe: mtihani mrefu kupita yote, zawadi nono kupita zote, aibu kubwa, usiku mbaya. Jambo likifika ukingoni ndipo umbo lake huonekana vizuri. Na umbo ninaloliona ni hili: cheti cha udukuzi halali kina thamani ya kweli, lakini thamani hiyo inakaa sehemu chache zinazojulikana, yaani mezani kwa ofisa ajira, ndani ya nyaraka za zabuni, na kwenye kanuni zinazowabana wateja. Ukitoka hapo, kinacholipwa ni kazi iliyoonekana kwa macho.

Kazi kongwe kuliko vyeti vyake

Mwaka 1974, Paul Karger na Roger Schell wa Jeshi la Anga la Marekani walitoa ripoti ya kuushambulia mfumo wa kompyuta uitwao Multics, uliohesabiwa miongoni mwa mifumo salama ya zama zake. Waliushambulia kwa idhini. Walipenya kupitia mashine zenyewe, kupitia programu, na hata kupitia taratibu za watu walioendesha mfumo. Tena walieleza jinsi mlango wa siri unavyoweza kupandikizwa ndani ya programu inayotafsiri msimbo, kiasi kwamba mkaguzi anaweza kuusoma msimbo wote mstari kwa mstari asiuone. Miaka 10 baadaye Ken Thompson aliliendeleza wazo hilohilo katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Turing.

Karger na Schell hawakuwa na cheti cha udukuzi kwa sababu hakikuwapo. CEH (Certified Ethical Hacker), ambacho ndicho maarufu, kilitoka 2003. Kwa karibu miaka 30 kazi hii ilifanywa na watu waliojuana, na aliyewaajiri aliweza mwenyewe kupima uwezo wao. Kisha wanunuzi wakaongezeka: benki, hospitali, wizara, kampuni za simu. Wengi wao hawana mtu wa kumsaili mdukuzi na kutambua kama anajua kazi au anajua kusema. Cheti kilizaliwa kumhudumia mnunuzi huyo. Ukilielewa hilo, nusu ya mabishano kuhusu vyeti inakwisha.

Jina linalotangulia mengine

Kwa umaarufu wa jina kwenye matangazo ya kazi, sioni cheti cha udukuzi kinachoishinda CEH. Kinatolewa na EC-Council, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa 2001. Mtihani wake wa msingi una maswali 125 ya kuchagua jibu, kwa saa 4. Kilichokipandisha hasa ni uamuzi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, mwaka 2010, kukiingiza kwenye orodha ya vyeti vinavyokubalika kwa baadhi ya kazi zake za usalama wa kompyuta. Amri ile iliwagusa askari, watumishi wa kiraia na wakandarasi. Kampuni iliyotaka zabuni ilibidi iwe na watu wenye vyeti vilivyotajwa.

Wataalamu wengi hukibeza. Husema kuchagua A, B, C au D hakumthibitishi mtu anayeweza kupenya mfumo. Kuhusu ustadi wako sahihi. Kuhusu ajira wanakosea, na kosa lao huwagharimu vijana wanaowasikiliza. Nyaraka za zabuni katika ukanda wetu nazo hutaja vyeti kwa majina: mtaalamu wa kupima mifumo awe na CEH, meneja wa mradi awe na CISSP au CISA, vyeti vya usalama na ukaguzi wa mifumo. Anayefungua bahasha hana mamlaka ya kusema, “Huyu hana, lakini ni hodari.” Alama inawekwa au haiwekwi.

CEH inashikilia pia rekodi ya aibu. Februari 2014 tovuti ya EC-Council ilivamiwa na ukurasa wake kuchafuliwa. Mvamizi akabandika hapo nakala ya pasipoti ya Edward Snowden, mfichua siri za ujasusi wa Marekani, aliyekuwa ameomba kufanya mtihani huo. Snowden alisomea mafunzo ya CEH jijini New Delhi mwaka 2010, alipokuwa mkandarasi wa ujasusi wa Marekani. Taasisi inayofundisha watu kulinda tovuti kushindwa kulinda yake, na faili la mtahiniwa wake maarufu kuliko wote kuanikwa hadharani, ni pigo ambalo ungelidhani lingemaliza biashara. Halikuimaliza. Jina lilibaki kwenye orodha ya Wizara ya Ulinzi, na waajiri wakaendelea kuliandika kwenye matangazo. Baadaye taasisi iliongeza mtihani wa vitendo wa saa 6 wenye majukumu 20, hatua ninayoisifu kwa dhati.

Gharama haiishi siku ya kufaulu. Kila baada ya miaka 3 mwenye CEH anatakiwa kuonyesha alama 120 za kujiendeleza, na kuna ada ya kila mwaka. Anayekopa aihesabu na hiyo.

Saa 23 na dakika 45

OSCP ya kampuni ya OffSec ndicho cheti kilichobadilisha maana ya kufaulu katika fani hii. Mtahiniwa hukaa nyumbani kwake, kamera ikimtazama, msimamizi akiwa upande wa pili. Anafunguliwa mtandao wenye mashine asizozijua. Ana saa 23 na dakika 45. Hakuna swali la kujibu. Kuna mlango wa kutafuta. Azichunguze mashine, agundue huduma gani zinaendeshwa, apate tundu, aingie kama mtumiaji wa kawaida, kisha apande ngazi hadi awe na madaraka yote. Sehemu ya alama, 40 kati ya 100, hutokana na kundi la mashine za Windows zilizounganishwa kwa Active Directory, yaani mpangilio uleule unaokutana nao kwenye benki au wizara. Alama za kufaulu ni 70. Zana zinazofanya shambulio zima zenyewe zimekatazwa, programu ya mashambulizi ya Metasploit inaruhusiwa kwenye mashine moja tu, na programu za akili mnemba za kuongea nazo haziruhusiwi.

Saa zikiisha, zinaanza nyingine 24 za kuandika ripoti. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mashine uliyoipenya kwa jasho la saa 5 inaweza kukupa sifuri kama hukueleza hatua zako kwa namna ambayo msomaji mwenye ujuzi anaweza kuzirudia akafika ulipofika. Picha ya skrini iliyosahaulika, amri isiyonakiliwa, na alama zimekwenda.

Kwa maoni yangu saa zile 24 za kuandika ndizo zenye thamani kubwa zaidi kikazi, kuliko zile za kuvamia. Mteja hanunui uvamizi. Mteja ananunua waraka unaomwambia mkurugenzi wake kwamba mtu yeyote aliye kwenye Wi-Fi ya wageni anaweza kufika kwenye hifadhidata ya mishahara, kwa njia hii, kwa sababu hii, na kwamba tundu linazibwa hivi. Nimewaona vijana wenye vipaji vikubwa wakikwama miaka kwa sababu ripoti zao hazisomeki. Vyuo vyetu vya kompyuta vingeupa uandishi nafasi, vingewainua wahitimu wao kuliko kozi nyingine yoyote ya zana mpya.

Lakini OSCP si mtihani mrefu kuliko yote. Ndani ya OffSec yenyewe kuna OSEP, OSWE na OSED, kila mmoja ukichukua saa 47 na dakika 45, na juu yao OSEE, saa 71 na dakika 45, kabla ya siku ya ripoti. Kampuni ya TCM Security inatoa PNPT: siku 5 za kuvamia, siku 2 za kuandika, kisha mtahiniwa anasimama mbele ya mtahini kwa dakika 15 na kumweleza alichokipata, kana kwamba yuko mbele ya mteja. Nauona utaratibu huo kuwa wa busara sana. Na katika vyeti vinavyojulikana, miongoni mwa mitihani mirefu kabisa ni CPTS ya Hack The Box, kampuni iliyoanzishwa 2017 na yenye asili ya Ugiriki: siku 10, ripoti ikiwa ndani, na hupewi ruhusa ya kuuanza kabla hujamaliza masomo yote ya njia yake.

Hapo rekodi inatuonyesha jambo linalouma. CPTS unaogharimu dola 200 na kitu kwa vocha yake unaweza kumdai mtu kazi zaidi ya CEH inayogharimu mara kadhaa ya hapo. Wenye fani wanalijua hilo. Ofisa ajira, kwa sehemu kubwa, bado. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na karatasi ngumu zaidi mfukoni na jina lake lichujwe kabla ya usaili, kwa sababu mfumo wa kupokea maombi ulikuwa unatafuta herufi tatu alizokuwa hana.

OSCP imekaa katikati ya pande hizo mbili. Inaheshimiwa na wanaoijua kazi, na imeshafika kwenye matangazo ya waajiri. Ndiyo maana, pamoja na kwamba kifurushi chake kinapita dola 1,500, ndicho ambacho ningemshauri kwanza mtu anayetaka kazi yenyewe ya kupima mifumo. Cheti cha OSCP hakina tarehe ya kuisha. Tangu Novemba 2024 kuna OSCP+ inayoambatana nacho, na hiyo huisha baada ya miaka 3.

Ghali kupita vyote

Kozi moja ya SANS, taasisi ya Marekani iliyo nyuma ya vyeti vya GIAC, hupita dola 8,000. Mtihani peke yake, bila darasa, hukaribia dola 1,000. Juu kabisa ya ngazi hiyo kuna GSE, ambacho kwa miaka mingi wenye nacho duniani kote walihesabika kwa mamia tu. Kwa utaratibu wa sasa mtu hukifikia kwa kukusanya vyeti 6 vya kiwango cha utendaji na 4 vya kiwango cha juu zaidi. Sijui sababu ya kumfanya mtu wa kawaida Afrika Mashariki akilipie kwa pesa yake. Hivi ni vyeti vya kulipiwa na mwajiri, na anayevitaka aviombe kwenye mkataba wa ajira wakati wa kujadiliana mshahara.

Pesa nyingi kwa tundu moja

Kuna njia ya pili ya kuishi kwa udukuzi halali isiyouliza cheti chochote: kutafuta dosari kwenye mifumo ya kampuni zilizotangaza zawadi kwa atakayeziripoti. Mzee wa utaratibu huu ni tangazo la 1983 la kampuni ya Hunter & Ready, iliyoahidi gari la Volkswagen Beetle kwa atakayepata kosa kwenye mfumo wake wa VRTX. Netscape ikafuata 1995 na kivinjari chake. HackerOne, iliyoanzishwa 2012, ikaufanya utaratibu huo kuwa soko.

Machi 2019 HackerOne ilimtangaza Santiago Lopez wa Argentina, mwenye miaka 19, kuwa mtu wa kwanza kufikisha dola milioni 1 kwenye jukwaa lake. Alikuwa amejifunza mwenyewe kwa intaneti. Zawadi yake ya kwanza ilikuwa dola 50. Kufikia siku ile alikuwa ameripoti dosari zaidi ya 1,600, na naiomba namba hiyo isomwe tena, kwa sababu wanaomnukuu hupenda milioni na kuisahau elfu moja mia sita. Desemba 2020 Cosmin Iordache, Mromania aishiye Ujerumani, akawa wa kwanza kufikisha milioni 2.

Zawadi nono inayojulikana kulipwa kwa dosari moja ni dola milioni 10. Ililipwa 2022 na Wormhole, mtandao wa kuhamishia sarafu za kidijitali, kwa mtu anayetumia jina satya0x, kupitia jukwaa la Immunefi. Ukarimu huo una chanzo. Mapema Februari mwaka huohuo, Wormhole ilivamiwa ikapoteza sarafu zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 300. Wiki chache baadaye satya0x akawaonyesha tundu jingine ambalo lingeweza kufungia pesa za wateja, nao wakaliziba siku ileile. Aliyekwisha kuungua anajua bei ya maji.

Afrika nayo ina jina kwenye daftari hili. Amat Cama wa Senegal, akiwa pamoja na Richard Zhu, alishinda mashindano ya Pwn2Own jijini Vancouver mwaka 2019. Walivamia programu baada ya programu, na siku ya mwisho wakaingia kwenye kivinjari cha gari la Tesla Model 3. Waliondoka na dola 375,000 na gari lenyewe. Ninapozungumza na wanafunzi wanaodhani mambo haya ni ya watu wa mbali, ni jina la Cama ninalolitaja kwanza.

Wadogo kabisa: mwaka 2014 mtoto wa miaka 5 wa San Diego aligundua kuwa akijaza nafasi tupu mahali pa nenosiri anaingia kwenye akaunti ya Xbox ya baba yake, na Microsoft ikamtambua rasmi. Mwaka 2016 mtoto wa miaka 10 wa Finland alilipwa na Facebook dola 10,000 kwa kuonyesha jinsi ya kufuta maoni ya watu wengine Instagram.

Habari hizi ni za kweli na zinatia moyo, ila zisichukuliwe kama mpango wa maisha. Anayewinda zawadi hulipwa akipata, na hulipwa yule aliyetangulia kuripoti. Wiki 6 za kazi zinaweza kuishia kwenye jibu kwamba dosari hiyo imekwisha kuripotiwa. Hakuna bima ya afya, hakuna mfuko wa uzeeni, na benki haimkopeshi mtu kwa historia ya zawadi. Mwenye kuwasomesha wadogo zake anahitaji mshahara, na njia ya mshahara ndiyo hasa inayopitia kwenye mlango wa vyeti. Ripoti zilizokubaliwa kwenye majukwaa haya, hata ndogo, zina kazi nyingine nzuri: ukiwa kwenye usaili, ni ushahidi ambao mwajiri anaweza kuukagua mwenyewe.

Dakika 13

Tarehe 18 Aprili 2016 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwafungulia wadukuzi wa nje baadhi ya tovuti zake za umma, jambo ambalo serikali kuu ya nchi hiyo haikuwahi kulifanya. Walijiandikisha watu 1,410. Ripoti ya kwanza iliingia dakika 13 baada ya kuanza. Hadi kufungwa, tarehe 12 Mei, dosari 138 zilikuwa zimethibitishwa. Mradi mzima uligharimu takriban dola 150,000, na Waziri Ash Carter alisema kazi hiyo ingepewa kampuni kwa njia ya kawaida ingepita dola milioni 1.

Wizara hii ndiyo ileile iliyoiweka CEH kwenye orodha ya masharti yake. Kwa mkono mmoja ilidai vyeti kwa wanaoketi kwenye viti vyake. Kwa mkono wa pili ilimpokea yeyote mwenye haki ya kufanya kazi Marekani na aliyepita ukaguzi wa historia yake. Miongoni mwao alikuwamo David Dworken, mwanafunzi wa sekondari mwenye miaka 18, ambaye dosari zake zote zilikuwa zimetanguliwa kuripotiwa na wengine. Hakupata hata senti. Alipata kusimama mbele ya waziri akishukuriwa, na baadaye akawa mhandisi wa usalama Google. Hiyo ndiyo rekodi ninayoipenda kuliko zote humu: mtu aliyetoka mikono mitupu kwenye zawadi na bado kazi yake ikaonekana.

Usiku wa Adel, na karatasi iliyo juu ya cheti

Usiku wa tarehe 11 Septemba 2019, watu wawili wa kampuni ya Coalfire waliingia kwenye jengo la mahakama la Kaunti ya Dallas, mji wa Adel, jimbo la Iowa. Walikuwa kazini. Idara ya mahakama ya jimbo iliipa kampuni yao mkataba wa kupima usalama wa majengo na mitandao. King’ora kikalia, wakabaki palepale kuwasubiri maofisa wa polisi, wakaonyesha barua ya idhini. Maofisa wakapiga simu zilizoandikwa kwenye barua. Kisha akafika mkuu wa polisi wa kaunti, akasema jengo ni la kaunti na jimbo halina mamlaka ya kuruhusu mtu kulivunja. Wakalala mahabusu, wakafunguliwa mashtaka ya uvunjaji. Mashtaka hayo yalifutwa Januari 2020, baada ya miezi ya wasiwasi.

Watu wale walikuwa na ujuzi, uzoefu na mkataba, na bado walikesha nyuma ya vyuma. Nalieleza hili kwa sababu kuna vijana wanaoamini kwamba cheti ni leseni. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 14, inampa anayeingia kwenye mfumo bila idhini faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 4, inaanzia faini isiyopungua shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka 1. Hakuna mahali ambapo sheria hizo zinauliza una cheti gani. Zinauliza nani alikuruhusu. Tafadhali, tafadhali: usiijaribu tovuti ya halmashauri au ya chuo chako kwa nia njema na kwenda kuwaonyesha matundu yake. Pata barua kwanza, iwe na sahihi ya mwenye mfumo, itaje anwani za mifumo itakayoguswa, tarehe, saa, na namba ya simu ya mtu atakayepokea hata usiku wa manane.

Rekodi ya uokozi wa bei ndogo kuliko wote inabeba onyo hilohilo. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry vilikuwa vimeshikilia hospitali za Uingereza na kompyuta katika nchi zaidi ya 150. Marcus Hutchins, kijana aliyejifundisha mwenyewe huko Devon, aliona virusi vinauliza tovuti isiyokuwapo, akalisajili jina lake kwa dola 10.69, na usambaaji ukazimika. Kazi aliyokuwa nayo aliipata kwa sababu ya maandishi yake kuhusu programu haribifu, cheti hakikuhusika. Miezi mitatu baadaye alikamatwa Las Vegas kwa programu ya kuibia benki aliyoshiriki kuiandika akiwa na umri mdogo. Alikiri, na Julai 2019 jaji akamhukumu muda aliokwisha kuutumikia na mwaka 1 wa uangalizi. Uzuri wa kazi yake ulimsaidia mbele ya jaji. Wengi hawatapata jaji wa namna hiyo.

Namba kubwa kuliko zote

Matangazo ya kozi hupenda namba moja: mwaka 2024 ISC2 ilikadiria kwamba dunia ina upungufu wa wataalamu wa usalama wa mtandao milioni 4.8, huku waliopo kazini wakiwa milioni 5.5. Namba hiyo isomwe kwa uangalifu. ISC2 yenyewe hutoa vyeti. Na inachokadiria ni watu wanaohitajika ili mashirika yawe salama ipasavyo, ambao si sawa na nafasi zilizotangazwa na zenye mshahara. Mwaka huohuo mashirika mengi yalitaja ufinyu wa bajeti kama sababu ya kutoajiri. Nafasi zikipatikana, nyingi zinamtaka mwenye uzoefu wa miaka 3 au 5.

Mahitaji ya kweli ya ukanda wetu ninayaona kwenye kanuni kuliko kwenye makadirio. Kanuni za PCI zinazozihusu taasisi zinazopokea kadi za benki zinadai mifumo ishambuliwe kwa majaribio angalau mara moja kwa mwaka, na tena baada ya mabadiliko makubwa. Mwongozo wa kanuni hizo unavitaja vyeti kama OSCP, CEH, vya GIAC na vya CREST kuwa dalili za uwezo wa mpimaji. Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo wake wa usalama wa mtandao 2017, ukizitaka benki ziwe na ofisa mwenye dhamana hiyo. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zilipitishwa Kenya 2019 na Tanzania 2022. Na Julai 2023, eCitizen ya Kenya ilipofurikishwa maombi ya uongo na huduma za serikali zikayumba, viongozi waliokuwa wakiuona usalama wa mtandao kama gharama walipata somo hadharani. Kila moja ya mambo hayo inamlazimisha mtu fulani kununua upimaji, na mnunuzi huyo atauliza karatasi. Kazi hizo ziko kwenye kampuni za ukaguzi na ushauri, benki, kampuni za simu na mashirika ya serikali.

Bei ndogo kuliko zote

Kabla ya kukopa, kuna vya bure ambavyo havina aibu. ISC2 mwaka 2022 ilianza kutoa mafunzo na mtihani wa cheti cha kuanzia, CC, bila malipo kwa watu milioni 1 wa kwanza. Ukifaulu unalipa ada ya mwaka ya dola 50. PortSwigger ina shule ya usalama wa tovuti isiyotozwa hata senti, yenye maabara za kufanyia mazoezi halali. Shirika la OWASP linatoa Juice Shop, duka la uongo lililojaa matundu ya makusudi, la kusimika kwenye kompyuta yako mwenyewe. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, chenye tawi Kigali, huendesha mashindano ya picoCTF, na kimeyafungulia mlango maalumu kwa wanafunzi wa Afrika. Nairobi kuna jumuiya za AfricaHackon na SheHacks, mahali ambapo unamkuta mtu anayeajiri akiwa amekaa kwenye kiti cha jirani.

Fanya hayo kwa mwaka mmoja, andika ulichojifunza mahali kinapoonekana, kisha soma matangazo ya kazi unazozitaka hasa, katika mji unaotaka kuishi, na uone ni cheti gani kinachojirudia. Hicho ndicho cha kukopea. Na angalia tarehe: kifurushi cha msingi cha OSCP kinakupa siku 90 za maabara na nafasi moja ya mtihani, na siku zinahesabiwa uwe umeketi au hujaketi. Anayelipa Januari huku mitihani ya chuo ikiwa Februari na Machi amenunua siku ambazo hatazitumia.